Uliza Kwanza Nani Hayupo

Ninyi mnaokuja kwenye ukumbi wa kanisa pale Nyalenda kila Jumatano, madaftari kwapani, mkitaka niwanoe kwa mtihani na usaili wa kazi ya serikali, mmenisumbua kwa muda mrefu niandike haya ninayoyasema. Mnalalamika kwamba naanza na kifungu cha Katiba nakomea kwenye mapishi ya omena, na mwenye kuandika hajui aandike lipi. Haya, leo naandika mwenyewe. Atakayeona naruka huku na kurudi kule anisamehe. Kumbukumbu za mstaafu hazipangi foleni.

Nilikuwa afisa wa mazingira hapa Kisumu na kando ya ziwa lote upande wetu wa Kenya mpaka kichwa kikabaki bila unywele. Kwetu ni Port Victoria, kule Busia, na mama yangu alikuwa muuza samaki. Nilipoajiriwa nilijua kupara mbuta kuliko nilivyojua sheria. Sheria niliifundishwa na bosi wangu wa kwanza, Mama Perpetua, na kama kuna neno la maana mmewahi kulisikia kutoka kwangu katika ukumbi ule, jueni ni lake. Vituko ndivyo vyangu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani. Alisomea sheria chuo kikuu, akarudi tena akasomea mambo ya maji, halafu akaomba apangiwe kazi Kisumu wakati wenzake walikuwa wakipigania viti vya Nairobi. Ndani ya gari lake kulikuwa na viatu vya kisigino kwa ajili ya mikutano na gambuti kwa ajili ya vinamasi, na siku nyingine aliingia mkutanoni na gambuti zake bila kujali tope. Nilimpenda sana yule mama. Nasema wazi sasa kwa sababu ofisini hatukuwa watu wa kuambiana mambo kama hayo.

Wiki yangu ya kwanza alinituma nikateke maji kwenye mtaro wa kiwanda kimoja cha ngozi ili yapelekwe maabara. Kwa haraka zangu nikasahau chupa za ofisi. Nikanunua soda njiani, nikainywa, nikaisuuza chupa kwa bidii zote, nikajaza. Majibu yaliporudi aliyasoma kimya, akavua miwani.

"Wafula," akasema, "hiki kiwanda kinatengeneza ngozi ama Fanta?"

Ofisi nzima ilicheka hadi saa ya chai. Kwa miezi kadhaa jina langu likawa Fanta, hata mlinzi wa geti aliniita hivyo, na kwa heshima kabisa: Bwana Fanta.

Kesho yake Mama Perpetua alinipeleka mwenyewe pale mtaroni. Akanionyesha: chupa safi ya ofisi, unaisuuza kwanza kwa maji yaleyale unayotaka kuyapima, unasimama ukitazama yanakotoka ili tope ulilovuruga kwa miguu lisiingie, unajaza, unafunga, unatia lakiri mbele ya mwenye kiwanda. Hayo mtayakuta kwenye vitabu. Lisilokuwa kwenye vitabu ni alichofanya baadaye. Alijaza chupa ya pili, akaitia lakiri vilevile, akampa meneja wa kiwanda.

Nilishangaa. Tulipofika garini nikamuuliza, "Mama, unampa adui silaha?"

"Nani adui? Yule ni mtu ninayetaka kumchukulia hatua, basi. Akapime mahali anapotaka. Kama maji yangu yanasema ukweli, yake hayatasema uongo."

Mkiulizwa kwenye usaili kuhusu kifungu cha arobaini na saba cha Katiba, kile cha haki katika hatua za kiutawala, nyote mtajibu vizuri: hatua iwe ya haraka, ya haki, ya kisheria, na mtu apewe sababu. Vizuri, mtapata alama. Lakini mimi nikisikia kifungu hicho huwa naona chupa ile ya pili.

Mercy wa Obunga, ambaye kabla yenu alikuwa darasani kwangu, na mama yake anauza chapati kule hadi leo, alikuwa na swali moja la kila Jumatano. Nikishaanza tu habari za chupa, mkono unaenda juu: "Mzee, hii inakuja kwa mtihani?" Namjibu haiji. Anaweka kalamu chini, anajifuta mikono, anasikiliza kwa uso wa mtu anayesubiri mvua ipite. Mkumbukeni Mercy, nitamrudia.

Sasa niwaambie habari za kinamasi.

Mnakijua, kile kilicho chini ya Nyalenda, mafunjo yakiwa marefu kumpita mtu. Watu wa hapa mafunjo wanayaita togo. Kina mama huyakata, huyakausha, husuka mikeka na vikapu wakauza. Kazi ya pili ya kinamasi haionekani mpaka mvua inyeshe: maji yote yanayoteremka kutoka mjini hulala mle kwanza, kisha yanaingia ziwani polepole. Bila kinamasi, maji yanalala kwenye nyumba za watu.

Bwana Njuguna alinunua kipande kikubwa cha ardhi ile. Alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, ametoka mkoa wa Kati akiwa kijana, ameishi Kisumu miaka mingi, na hati yake ya ardhi ilikuwa safi. Alitaka kujaza udongo ajenge maghala. Alifuata sheria: alikodi mtaalamu kutoka Nairobi, akaandikiwa ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, ikaletwa kwetu tuamue kama apewe leseni au asipewe. Kabla ya kuamua, sheria inataka wananchi wasikilizwe. Mtaalamu akapanga kikao, akatangaza gazetini na redioni kama inavyotakiwa, akachagua siku ya Jumamosi.

Mtu wa Nairobi anaona Jumamosi ni siku njema, watu hawako kazini. Mtu aliyeishi kando ya ziwa hili anajua Jumamosi ni siku ya matanga. Maiti inatoka mochari Ijumaa, inalala nyumbani, Jumamosi inazikwa, na hakuna Mjaluo anayeheshimika atakayeacha kumzika wake ili akasikilize habari za maghala.

Tulifika kwenye uwanja wa shule tukakuta hema zuri, viti vimepangwa, soda zimewekwa kwenye barafu. Watu walikuwa wachache, na wengi wao vijana waliofuata soda. Mtaalamu alikuwa anang'aa. Alitaka tuanze mara moja.

Mama Perpetua hakukaa. Alizunguka kati ya vile viti akiwasalimia watu mmojammoja, na kila aliyemsalimia alimuuliza jambo lilelile: "Nani hayupo?"

Kijana mmoja akamwambia, "Mama, hao watu wa mikeka wote wameenda matanga Siaya. Mwenyekiti wao anazikwa leo. Wamejaza basi."

Mama Perpetua akarudi mbele, akashika maiki, akawapa pole waliofiwa, akatangaza kikao kimeahirishwa hadi Jumanne ya wiki iliyofuata. Basi. Kazi yake ya siku ile ilikwisha kwa maneno ambayo hayangejaza ukurasa.

Wakili wa Bwana Njuguna aliruka kama aliyekanyaga moto. "Afisa, tangazo lilitolewa! Sheria imefuatwa! Na Waswahili wamesema, asiyekuwepo na lake halipo."

"Waswahili walikuwa wanagawa nyama, Bwana wakili," akamjibu bila kupandisha sauti. "Hapa tunagawa kinamasi. Asiyekuwepo ndiye mwenye mikeka."

Nilitaka kupiga makofi. Nilijizuia kwa sababu ya koti la kazi.

Msidhani aliachwa hivihivi. Jumatatu simu kutoka makao makuu zilianza asubuhi. Anazuia uwekezaji. Anapendelea watu wa kwao. Anafanya siasa. Aliambiwa waziwazi kwamba uhamisho si kitu kigumu kuandikwa, na alikuwa na watoto shuleni hapa na mume mgonjwa kule Seme. Nilimwona akiweka simu chini, akikaa akiangalia dirisha. Niliogopa kwa ajili yake. Nikamuuliza kama tusihesabu tu kikao cha Jumamosi kuwa kimefanyika.

"Wafula, tukitoa leseni leo, kuna mtu atakuja mahakamani aseme hakuulizwa, na atakuwa anasema kweli. Tukinyima leseni bila kumsikiliza Njuguna, atasema hivyohivyo, na atakuwa anasema kweli pia. Mimi sitaki kushindwa na mtu anayesema kweli."

Andikeni hilo hata kama haliji kwenye mtihani.

Jumanne hema halikutosha. Kina mama wa mikeka walikuja wote, nguo za matanga bado mwilini, na mbele yao Mama Risper, aliyechaguliwa mwenyekiti mpya kaburini kwa mwenzake, kama desturi yao. Aliposimama hakuleta maneno mengi.

"Mimi sijui kusoma hiyo ripoti yenyu. Mimi najua mvua ya mwaka jana. Maji iliingia kwangu, tukaweka watoto juu ya meza, mimi na mzee tukasimama mpaka asubuhi. Na hiyo ni kinamasi ikiwa bado iko. Sasa mkiifunika, hiyo maji ilale wapi? Kwa kitanda yangu?"

Watu walipiga makofi. Ikawa zamu ya Bwana Njuguna, na hapo ndipo mambo yakaharibika. Kabla hajafungua mdomo, sauti zikatoka nyuma: "Rudi kwenu! Kaa chini! Toka na maghala yako!" Wengine wakaanza kugonga viti. Yule mzee alisimama na karatasi zake mkononi.

Nitawaambia ukweli wa moyo wangu: sikusikitika. Nilikuwa upande wa kinamasi, na makelele yale yalinipendeza. Nikamtazama Mama Perpetua nikidhani naye atayaacha yaendelee kidogo. Wapi! Alisimama, akazima maiki, akavua miwani, akangoja. Alingoja bila kusema chochote mpaka wale wa mbele wakaona aibu wakawanyamazisha wale wa nyuma. Ndipo akasema kwa Kidholuo kwanza, kisha kwa Kiswahili ili Bwana Njuguna asikie:

"Juzi niliahirisha hiki kikao kwa sababu yenu. Niliambiwa maneno mengi. Leo huyu Baba asiposikizwa, naahirisha tena, na nitaahirisha mpaka asikizwe. Na atakayemwambia mtu arudi kwao, aanze kwa kurudi yeye."

Mama Risper mwenyewe akainuka, akageuka. "Wacheni mzee aongee. Sisi si tumeongea?"

Bwana Njuguna akaongea. Akaongea sana. Alisema jinsi alivyoanza na mkokoteni sokoni, jinsi alivyouza shamba la urithi ili anunue pale, jinsi maghala yangewapa vijana kazi. Mama Perpetua hakumkatiza. Mzee alipomaliza, Mama alimuuliza yule mtaalamu wa Nairobi swali moja la upole: mfereji uliochorwa kwenye ripoti unaishia wapi? Mtaalamu akafungua ramani, akaufuata kwa kidole, na kidole kikafika kwenye nyumba za Nyalenda. Alikirudisha nyuma akaufuata tena. Nyumba hazikusogea.

Leseni ikanyimwa, kwa sababu zilizoandikwa moja baada ya nyingine. Bwana Njuguna akakata rufaa, kama haki yake ilivyo. Hapo mbele ya jopo la rufaa wakili alikuja na hoja aliyoiona kali: kwamba kikao kiliahirishwa kwa hila ili umati uletwe, na kwamba mteja wake alizomewa, hakusikilizwa. Mnaelewa maana yake. Kama jopo lingekubali kwamba hakusikilizwa, uamuzi wetu ungetupwa nje, hata kama maji yanaingia vitandani. Na Mama Perpetua angetupwa nje pamoja nao.

Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mkavu asiyecheka, hakumuuliza wakili. Alimgeukia Bwana Njuguna mwenyewe. "Mzee, ulisikilizwa?"

Nilishikilia benchi. Bwana Njuguna alimwangalia wakili wake, akamwangalia Mama Perpetua. Neno moja tu, "hapana," lingefufua maghala aliyouzia shamba lake la urithi. Alikohoa.

"Walianza kunizomea, mheshimiwa. Huyu Mama akawanyamazisha. Nilisikizwa. Sikupenda walichoamua, lakini siwezi kusema sikusikizwa."

Wakili alikaa chini. Rufaa ikaanguka.

Siku hiyo nilielewa ile chupa ya pili ni ya nini. Na ile heshima aliyopewa na Mama Perpetua hadharani, Njuguna aliirudisha hadharani vilevile. Baadaye alipata kiwanja kingine mahali pa juu, pakavu, akajenga maghala yake, na ofisi yetu ndiyo iliyompa leseni, bila kikwazo. Akawa anapita ofisini kumwamkia Mama Perpetua kila akiwa na shughuli mjini. Walikuwa wanateta kuhusu bei ya simiti kama ndugu.

Haya ni ya zamani. Siku hizi ripoti zinatumwa kwa kompyuta, kinamasi kinapigwa picha kutoka angani, na kuna mashine unatumbukiza majini inakupa majibu papo hapo, hakuna tena wa kuitwa Fanta. Nafurahi, sioni wivu. Mnajua vitu ambavyo sisi hatukuota. Lakini mashine ya kuhesabu wasiokuwepo bado sijaiona.

Mama Perpetua alifariki akiwa mstaafu, na tukamzika nyumbani kwa mumewe, Seme, siku ya Jumamosi. Watu walikuwa wengi ajabu. Mama Risper, ambaye sasa anatembelea fimbo, alikuja na wasusi wake wa mikeka kwa basi, na Bwana Njuguna aliletwa na mwanawe, akapewa kiti cha mbele.

Mimi nilikaa pale nikiwa na uchungu juu ya uchungu. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna tajiri mwingine amekitamani kinamasi kilekile, safari hii kwa nyumba za kukodisha, na kwamba kikao cha wananchi kimepangwa siku ileile. Tena afisa aliyepewa kikao hicho alikuwa Mercy wangu wa Obunga, ambaye alifaulu mtihani wake vizuri sana, na kazini alikuwa hajatimiza mwaka. Niliwaona wasusi wote pale mazikoni nikajua viti vya uwanjani Nyalenda vitakuwa na nani: wafuata soda tu. Nilijiambia, leo tunazika mlinzi na kinamasi kwa pamoja. Nililia, na walionibembeleza walidhani ni kwa sababu moja.

Hotuba zilikuwa zinaelekea mwisho nilipoona mtu akiingia kwenye geti la boma kwa haraka, gauni jeusi, na chini ya gauni gambuti zenye tope. Alipita kando ya mahema akiinama kwa adabu, akanitafuta kwa macho, akaja. Alikuwa Mercy, bado anahema, maana boda ilimwacha barabarani.

"Mzee, pole," akasema kwa sauti ya chini. "Nimechelewa. Nilikuwa kwa kikao."

"Kimeishaje?" Sikutaka kujua, lakini niliuliza.

"Hakijaanza. Nimeahirisha. Nilizunguka nikiuliza nani hayupo, wakaniambia wote wako huku." Akajipangusa jasho. "Wamenipigia simu mara nyingi kutoka Nairobi. Nimezima."

Nilisogea kwenye benchi, akakaa kati yangu na Mama Risper. Yule mama akamtazama gambuti, akamtazama uso, akamshika mkono.

"Sasa ni lini, nyathina, mwanangu?"

"Jumanne, Mama," Mercy akamjibu. "Hakuna matanga Jumanne. Nimeuliza."